Mashine ya mwanga ya kuondoa nywele nyumbani: inamfaa nani, na inatumiwaje bila kuungua

Mashine hizi ndogo zinazouzwa kwa jina la IPL, ambazo wauzaji wengi huziita leza ingawa si leza, hazitambui nywele. Zinatambua weusi. Ndani yake mna taa ya zenoni, ya jamii ileile ya flashi ya kamera. Taa hiyo hutoa mwanga mkali kwa muda mfupi mno, chujio la kioo huzuia mawimbi mafupi, na yanayopita huwa na urefu wa kati ya nanomita 530 na 1,100 hivi. Mwanga huo ukikutana na melanini, yaani rangi nyeusi ya asili ya mwili, hugeuka joto. Unywele mweusi huunyonya, joto hushuka hadi kwenye mzizi, na mzizi unaungua au unalazwa usingizi kwa muda. Kanuni hii ilielezwa mwaka 1983 na Rox Anderson na John Parrish huko Marekani, na mashine zote za aina hii zimejengwa juu yake, za bei chee na za bei mbaya.

Shida ni kwamba melanini iko kwenye ngozi pia, tena iko juu. Tabaka la ngozi lenye rangi liko takriban sehemu ya kumi ya milimita kutoka juu, ilhali mzizi wa unywele uko milimita mbili hadi tano chini. Mwanga hauna njia ya pembeni, lazima upite kwenye rangi ya ngozi kwanza. Kwa Mzungu mweupe mwenye nywele nyeusi rangi hiyo ni kidogo, na mwanga mwingi hupita. Kwa mtu mweusi, ngozi huumeza kabla haujafika unakokwenda, na hasara inakuwa mbili: nywele zimebaki palepale, na ngozi imeungua. Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, jiangalie rangi.

Rangi yako iko wapi

Vitabu vya maelekezo hutumia kipimo cha Fitzpatrick, daktari wa ngozi wa Marekani aliyekipanga mwaka 1975. Mwanzoni kilihusu ngozi nyeupe tu, na namba V na VI, ambazo ndizo zetu wengi, ziliongezwa baadaye. Kwa lugha ya kwetu: I hadi III ni Wazungu na watu weupe wa nchi za baridi, IV ni wengi wa Waarabu, baadhi ya Wahindi na baadhi ya wale tunaowaita maji ya kunde, V ni kahawia iliyokolea, VI ni mweusi tii. Mashine nyingi za nyumbani zimeruhusiwa kwa I hadi IV. Baadhi zinafika V kwa kiwango cha chini. VI imekatazwa karibu kote. Hata Tria, leza ya nanomita 810 iliyokuwa ya kwanza kuruhusiwa na FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, kwa matumizi ya nyumbani mwaka 2008, inaishia IV.

Kama uko VI, acha kuitafuta mashine ya nyumbani, hata ikiwa tangazo lina picha ya msichana mweusi anayetabasamu. Ruka hadi sehemu ya mwisho. Njia ipo, ila iko kliniki. Kama uko V, isome sehemu hiyo pia kabla hujatoa pesa.

Na usijipime kwa uso wala kwa mkono. Karibu kila mwenye ngozi ya kahawia ana kwapa, kinena na magoti yenye weusi zaidi kuliko sehemu nyingine, kwa sababu ya msuguano, wembe na deodoranti. Mtu anaweza kuwa IV mkononi na V kwapani. Mashine yenye kihisi cha rangi husoma mahali ulipoiweka tu: inaweza kukubali kwenye shavu la mguu na kukataa kwapani, na hapo haijaharibika, inakulinda. Usiihadae kwa kuisomesha kwenye ngozi nyeupe kisha kuitelezesha haraka kwenye nyeusi. Mashine za bei rahisi mara nyingi hazina kihisi cha rangi kabisa. Zina kihisi cha kugusa, kinachojua tu kwamba kichwa cha mashine kimekaa juu ya kitu. Muulize muuzaji swali hilo kwa maneno hayohayo: inapima rangi, au inapima kugusa?

Wanaotumia mkorogo wana tatizo la peke yao. Ngozi iliyochubuliwa kwa hidrokwinoni, zebaki au krimu zenye steroidi huonekana nyeupe kwa kihisi, lakini imekonda, haina rangi sawa kote, na huungua kwa kiwango ambacho ngozi nzima ingekistahimili. Acha krimu hizo miezi kadhaa, ngozi irudi kwenye rangi yake, ndipo upime upya. Huenda jibu likabadilika na kuwa hapana.

Upande wa nywele: lazima ziwe nyeusi au kahawia iliyokolea. Mvi hazina melanini, kwa hiyo hazisikii chochote. Nywele nyekundu na za dhahabu nazo hunyonya mwanga huu kidogo mno. Malaika laini, yaani vinywele vyembamba vya mikononi na mashavuni, hayana rangi wala unene wa kushika joto la kutosha, na kuyapiga mwanga ni kupoteza muda. Usoni inaweza kuwa balaa, kama tutakavyoona.

Nani asiiguse hata akiwa na rangi inayofaa

Mjamzito na anayenyonyesha, kwa sababu haijajaribiwa kwao, na pia ngozi ya mjamzito hushika mabaka upesi. Mwenye umri chini ya miaka 18. Mwenye kifafa kinachoamshwa na mwanga. Mwenye lupasi au ugonjwa mwingine unaochokozwa na mwanga. Aliyewahi kuugua saratani ya ngozi. Mwenye kifaa cha umeme mwilini, kama kile cha kurekebisha mapigo ya moyo. Mwenye makovu yanayovimba, maana kidonda kidogo cha moto kwake kinaweza kuacha uvimbe wa kudumu. Mwenye malengelenge ya mdomo yanayojirudia asiipitishe karibu na mdomo.

Kisha kuna dawa, na hapa ndipo wengi hawaangalii. Dawa kadhaa za kawaida kwenye maduka yetu huifanya ngozi iwe nyepesi kudhurika na mwanga: doksisaiklini na tetrasaiklini nyinginezo, siprofloksasini, Septrin, griseofulvini ya fangasi, na hidroklorothiazidi ya presha. Ukiwa kwenye dozi fupi, maliza kwanza na umuulize mfamasia usubiri muda gani. Ukiwa unameza dawa ya kudumu, usiiache kwa ajili ya mashine, acha mashine. Aliyetumia isotretinoini kwa chunusi asubiri miezi sita.

Yapo pia maeneo yasiyopigwa kwa mtu yeyote: juu ya tatoo, juu ya alama nyeusi za kuzaliwa na vidoa, kwenye chuchu na weusi unaozizunguka, ndani ya pua na masikio, kwenye sehemu za siri zenyewe na tundu la haja kubwa. Kinena chenyewe, pale nguo ya ndani inapoishia, panaruhusiwa na mashine nyingi. Nyusi na kope ni marufuku kabisa: mwanga hupenya kope, na ile sehemu ya jicho yenye rangi imejaa melanini. Wapo watu walioumia macho hivyo na kuishia kwa daktari. Kwa mwanamke, uso huruhusiwa kuanzia chini ya mifupa ya mashavu tu. Kwa mwanamume, ndevu na shingo haziruhusiwi kwenye mashine nyingi, kwa kuwa ndevu ni nene na zimesongamana hivi kwamba joto la nywele lenyewe hutosha kuunguza ngozi.

Hina na piko pia ni rangi. Kwenye ngozi iliyochorwa, mwanga hushika mchoro. Subiri hadi mchoro ufutike kabisa, jambo linalochukua wiki mbili hadi tatu. Bibi harusi mtarajiwa apange mapema: kazi hii inahitaji miezi mitatu au minne kabla ya siku ya hina, na akibakiwa na wiki mbili, sukari na ndimu bado ndiyo njia yake.

Kununua

Namba inayotangazwa kuliko zote ni idadi ya flashi: 500,000, 999,999, nyingine zinadai hazina mwisho. Piga hesabu. Mguu wa mtu mzima kuanzia goti hadi kifundo una takriban sentimita za mraba 1,000. Dirisha la mashine ya kawaida, yaani kioo ambapo mwanga hutokea, ni kama sentimita za mraba 3. Mguu mmoja basi unahitaji flashi 330, tuseme 400 pamoja na za kupishana. Miguu miwili ni 800, makwapa na kinena ongeza 150. Ukifanya mara 20 kwa mwaka, umetumia 19,000. Mashine ya flashi 300,000 ingekufaa zaidi ya miaka 15, na betri au feni vitakufa kabla ya taa. Usilipe zaidi kwa ajili ya namba hiyo.

Namba yenye maana ni nishati kwa eneo. Mashine nzuri za nyumbani hutoa jouli 3 hadi 6 kwa kila sentimita ya mraba. Za kliniki hutoa mara kadhaa ya hapo. Wauzaji hupenda kuandika jouli za jumla kwa sababu zinapendeza: "jouli 18". Gawa kwa ukubwa wa dirisha. 18 kwa dirisha la 3.3 ni kama 5.5, ambayo ni sawa. 9 kwa dirisha la 4 ni 2.25, na hiyo itakupa flashi nyingi zenye mwanga mzuri na nywele zilezile. Kama ukubwa wa dirisha haukuandikwa popote, rudisha rafuni.

Kibamba cha baridi, kile kinachotangazwa kama "barafu", kinapunguza maumivu kweli. Lakini maumivu ndiyo kengele yako ya hatari. Mwenye mashine yenye baridi awe mwangalifu zaidi kwenye jaribio, maana ngozi iliyopozwa haitamwambia kitu mpaka kesho yake.

Maneno kwenye boksi nayo yasomwe vizuri. Kiwanda kusajiliwa na FDA ni jambo moja, na kifaa chenyewe kupitishwa na FDA ni jingine; la kwanza ni kuandika jina la kampuni kwenye orodha tu. Kwa kifaa kilichopitishwa, orodha yake iko wazi kwenye tovuti ya FDA na unaweza kutafuta kwa jina na modeli. Kiwango cha kimataifa kinachohusu usalama wa vifaa vya urembo vyenye leza na mwanga mkali ni IEC 60335-2-113. Kikitajwa kwenye kitabu, angalau mtengenezaji anakijua.

Halafu umeme. Mashine iliyoletwa na ndugu kutoka Marekani inaweza kuwa ya volti 120 peke yake. Soma maandishi madogo kwenye adapta: ukiona 100-240V, inafaa kwenye umeme wetu na utahitaji kibadili plagi tu. Ukiona 120V peke yake, hiyo ni transfoma au moshi. Mtumba usinunue. Taa hujui imebakiza nini, na chujio lililopasuka au kung'olewa huruhusu mawimbi mafupi ambayo ngozi ya juu huyanyonya yote.

Maandalizi

Kwa wiki nne kabla, acha kung'oa. Hakuna sukari, hakuna nta, hakuna uzi, hakuna kibano. Mzizi ukishang'oka, mwanga hauna wa kumpelekea joto. Hili ndilo linaloua matokeo ya wengi kwetu, kwa sababu mazoea yetu ni kunyonyoa, na mtu akiona vinywele viwili vimechomoza kati ya awamu anashika kibano bila kufikiri. Wembe unaruhusiwa wakati wote.

Usiote jua wiki mbili kabla. Vitabu vingine hutaka nne. Anayetoka kuogelea baharini Jumapili na kujipiga mwanga Jumatatu amejiongezea melanini mwenyewe. Kwa anayetembea juani kila siku, hii ina maana kwamba miguu iliyofunikwa na makwapa vinafaa kuliko mikono.

Siku yenyewe au jana yake, nyoa kwa wembe mpya hadi pawe laini kabisa. Unywele uliobaki juu ya ngozi ndio utakaonyonya mwanga, na utaungulia juu badala ya chini. Ukisikia harufu ya nywele zilizoungua kama kuku anayebabuliwa, simama, hukunyoa vizuri. Ukijikata, subiri pakauke. Nywele za kipilipili zinyolewe kufuata zinakoelekea, bila kukandamiza wembe, la sivyo utaanza kazi ukiwa na vipele tayari.

Osha kwa sabuni isiyo na manukato, kausha vizuri. Ngozi iwe tupu: hakuna mafuta ya nazi, losheni, poda, deodoranti wala marashi. Mafuta ya udi na manukato yenye spiriti yanaweza kushika moto, na mengine huacha mabaka yakipigwa mwanga. Usipake jeli yoyote isipokuwa kitabu chako kimeitaja. Jeli za kliniki ni za mashine za kliniki.

Kioo cha dirisha kikague kwenye mwanga wa mchana. Kikiwa na doa jeusi, hata dogo kama mbegu ya ufuta, ni mabaki ya nywele yaliyogandia. Doa hilo hunyonya mwanga, hupata moto, na hukuachia alama ya umbo lake kwenye ngozi. Futa kwa kitambaa laini kikavu kila baada ya kutumia. Likigoma kutoka au kioo kikiwa na ufa, mashine isitumike tena mpaka sehemu hiyo ibadilishwe.

Jaribio

Chagua mahali penye weusi kuliko pote katika eneo unalotaka kufanya. Anza na kiwango cha chini kabisa, flashi moja. Sogea sentimita tatu, panda kiwango kimoja, flashi moja. Endelea mpaka uhisi mchomo wa kukufanya urudi nyuma, au kitabu kikuzuie kwa rangi yako. Joto kama la maji ya kuoga ni sawa. Mchomo mkali kama wa mafuta yaliyoruka kikaangoni si sawa.

Sasa ngoja. Vitabu vingi husema saa 24. Kwa ngozi ya kahawia ngoja saa 48, na ukiweza wiki nzima, kwa kuwa wekundu hauonekani vizuri kwetu na weusi wa baada ya kuungua hujitokeza polepole. Angalia kwa macho na uguse: je, pamevimba, pamekuwa pagumu, au pana mraba wenye rangi tofauti na jirani zake? Tumia kiwango cha juu ambacho hakikuacha dalili yoyote. Kila eneo la mwili lina jaribio lake. Likirudiwa baada ya likizo ya jua au dawa mpya, ni busara.

Awamu yenyewe

Kaa mahali pakavu, si bafuni, penye mwanga wa kutosha kuona ulikopita. Vidoa na alama za kuzaliwa viwekee mpaka kwa penseli nyeupe ya macho, na kwa penseli hiyohiyo gawanya mguu katika mistari minne kwa urefu: mbele, nyuma, ndani, nje. Iwe nyeupe. Kalamu ya wino au penseli nyeusi itanyonya mwanga na kukuchora kwa moto.

Weka kichwa cha mashine wima kabisa, kingo zote nne ziguse ngozi, kandamiza kidogo bila kupenyeza. Ikiwa imeinama, mwanga unavuja pembeni na kukupiga machoni, na mashine nzuri hugoma kufyatua. Fyatua, inua, hamia upana wa dirisha moja, ukiacha mpishano wa milimita moja au mbili. Hali ya kutelezesha ni ya haraka kwenye shavu la mguu, lakini kwapani na kwenye kinena tumia flashi mojamoja. Kwapani inua mkono nyuma ya kichwa ili ngozi ivutike. Kunjo likiingia chini ya dirisha hupata mwanga mara mbili. Kwenye ugoko na kifundo, ambako mfupa uko karibu, shuka kiwango kimoja.

Usirudie mahali pamoja siku hiyohiyo. Ngozi haijapoa, na flashi ya pili juu ya ya kwanza ndiyo chanzo cha malengelenge mengi yanayoanzia nyumbani. Ukisahau ulipofika, bora uache pengo. Pengo litaonekana baada ya wiki mbili kama mstari wa nywele ulionyooka, na awamu inayofuata utapita kwa mlalo badala ya wima kuuziba.

Mashine ikipata moto, iache ipumue; matundu ya feni yasizibwe kwa mkono wala taulo. Kwa mdomo wa juu, vaa miwani iliyokuja na mashine kama ipo, na fumba macho vilevile.

Baadaye, saa 24 hadi 48: usioge maji ya moto, usisugue kwa dodoki, usiingie kwenye bwawa lenye klorini, usifanye mazoezi ya kutoa jasho jingi, na kwapani usipake deodoranti. Joto dogo na wekundu wa saa chache ni kawaida. Kitambaa cha maji baridi kinatosha. Sehemu inayoonwa na jua ifunike au ipake kinga ya jua ya SPF 30 au zaidi kwa wiki mbili.

Ratiba na unachotarajia

Nywele huota kwa zamu, na mwanga hufanya kazi vizuri kwa ule ulio katika ukuaji tu. Miguuni, zilizo katika ukuaji kwa wakati mmoja huenda zikawa moja ya tano hadi moja ya tatu. Nyingine zimelala, zitaamka baadaye na kuhitaji zamu yao. Watengenezaji wana mitindo miwili: kila wiki kwa wiki nne hadi kumi na mbili, au kila wiki mbili kwa mara nne au tano, kisha marejeo ya mara moja kila mwezi au miwili. Fuata wa mashine yako. Kupiga kila siku tatu hakuharakishi chochote.

Wiki moja au mbili baada ya awamu utaona nywele "zikiota". Zivute kwa vidole taratibu: nyingi zitatoka bila upinzani, kwa sababu zilishakufa na ngozi inazisukuma nje. Zinazong'ang'ania ziache kwa wembe. Matunda ya kweli huonekana kati ya mwezi wa pili na wa tatu, kwa nywele kupungua na kuwa nyembamba. Zisitarajiwe kwisha. Kinachotambuliwa kisheria Marekani kwa vifaa hivi ni upungufu wa muda mrefu wa nywele, si kuziondoa milele, na kwa nguvu ndogo ya mashine za nyumbani, ukiacha marejeo, nyingi hurudi ndani ya miezi.

Ikipita miezi mitatu bila tofauti, sababu huwa moja ya hizi: uliendelea kung'oa, kiwango ni cha chini mno, dirisha ni chafu, nywele hazina rangi ya kutosha, au homoni.

Mambo yakiharibika

Ukiona malengelenge au maumivu yasiyopoa baada ya saa moja, umeungua. Maji ya bomba yanayotiririka, ya baridi ya kawaida, dakika 20. Barafu hapana, dawa ya meno hapana, ute wa yai hapana. Lengelenge usilitoboe. Paka vaselini safi, funika kwa bandeji isiyoganda. Likiwa usoni, kwenye kinena, likizidi ukubwa wa kiganja, au likianza kutoa usaha, nenda hospitali.

Mabaka meusi yanayofuata kwa kawaida huondoka yenyewe, lakini huchukua miezi, na jua huyakoleza. Mabaka meupe hukawia zaidi. Kuyafuatilia kwa mkorogo ni kuongeza kidonda juu ya kidonda. Mashine ikae kabatini mpaka rangi irudi sawa.

Lipo jambo ambalo wauzaji hawalisemi: mwanga hafifu unaweza kuamsha nywele. Hutokea zaidi usoni na shingoni, kwa wanawake wenye ngozi ya kahawia, hasa wenye homoni zisizo sawa. Malaika laini ya pembezoni mwa eneo lililopigwa huanza kuwa manene na meusi. Ukiliona hilo, acha mara moja. Na mwanamke mwenye ndevu kidevuni, nywele kifuani, hedhi inayoruka na chunusi zisizokwisha aanze kwa daktari wa wanawake kabla ya duka la urembo. Dalili hizo huweza kuwa za vifuko kwenye ovari, hali inayowapata wanawake wengi, na bila kuitibu homoni zitaendelea kuotesha mizizi mipya kila unapochoma ya zamani.

Kwa wenye ngozi nyeusi

Kliniki zina leza ya Nd:YAG ya nanomita 1,064. Wimbi hilo refu halinyonywi sana na melanini ya juu, hupenya zaidi, na nywele zetu nyeusi nene zilizo chini ndizo hulipokea. Ndiyo leza inayopendekezwa kwa V na VI. Leza ya diodi ya nanomita 805 au 810 yenye mipigo mirefu na upozaji mzuri hutumika kwa baadhi ya wenye V. Leza ya aleksandraiti ya nanomita 755 ni ya weupe. Kwa kawaida huhitajika awamu sita hadi nane, zikipishana wiki nne hadi nane, na inauma kuliko IPL.

Nd:YAG pia husaidia sana wanaume wenye vipele vya ndevu, vile vinavyotokana na nywele za kipilipili kujikunja na kurudi ndani ya ngozi baada ya kinyozi. Kwao hata kupunguza idadi na unene wa ndevu tu hutosha kutuliza shingo.

Ukifika kliniki, uliza mambo manne kabla ya kulala kitandani: leza ni ya nanomita ngapi, nani anaishika na amefundishwa wapi, watapoza ngozi kwa kutumia nini, na jaribio litafanywa lini. Wakikwambia mashine yao "inafaa rangi zote" bila kutaja namba, au wanataka kuanza mguu mzima leo leo bila jaribio, vaa viatu. Saluni nyingi zina IPL kubwa ya kliniki ambayo kwa ngozi nyeusi ni hatari kuliko ile ndogo ya nyumbani, kwa sababu nguvu yake ni mara kadhaa na anayeiendesha hajui tofauti. Na usilipe kifurushi cha awamu nane siku ya kwanza. Lipa jaribio, rudi baada ya wiki mbili ukiwa na ngozi isiyo na alama, kisha jadili bei.